Sista Angélique wa Dungu anastahili zaidi ya medali

Tarehe 30 mwezi wa tisa mwaka 2013, huko Geneva katika inchi ya Uswisi, mtawa mmoja aliyetoka Dungu alisimama mbele ya wakubwa wa dunia akapokea Tuzo ya Nansen. Tuzo hiyo hutolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, HCR, kwa mtu aliyewatumikia waliofukuzwa makwao. Ilianza mwaka 1954 na ina jina la Fridtjof Nansen, mtu wa Norway. Jina la mtawa ni Angélique Namaika. Siku mbili baadaye alikuwa Roma akisalimiana na Papa Fransisko. Picha zilizunguka dunia, redio zikasema, watu wa Uélé wakafurahi. Kisha, kama ilivyo kawaida katika inchi hii, maneno yakapoa.

Kazi iliyompeleka Geneva haina kishindo. Ni kufundisha wanawake kushona nguo, kupika mikate na mandazi, kulima, kusoma na kuandika. Wakati wa tuzo ile ilihesabiwa kwamba wanawake na wasichana zaidi ya 2 000 walikuwa wamekwisha kupita mikononi mwake. Wengi wao walikuwa wametekwa na waasi wa LRA, wakatumikishwa porini, wakabakwa; wengine walikimbia vijiji vyao bila kitu. Kama angekuwa profesa wa chuo kikuu, jina lake lingekuwa limeandikwa juu ya mlango fulani. Kwa kuwa ni mwalimu wa sindano na unga, ukimuuliza leo kijana wa Goma au wa Bukavu kuhusu Angélique Namaika, ni bahati akikujibu.

Kwa msikilizaji ambaye hajafika huko, Dungu ni mji ulio kaskazini-mashariki ya Kongo, mahali ambapo mto Kibali na mto Dungu inakutana na kuwa mto Uélé. Leo ni jimbo la Haut-Uélé. Kabla ya mwaka 2015 ilikuwa bado ndani ya Province Orientale. Watu wa huko wanasema zaidi Kizande na Lingala kuliko Kiswahili, na hiyo labda ni sababu moja kwa nini mateso yao yalisikika kidogo sana kwenye redio za Kivu. Lakini mwenye kukimbia anamwelewa mwenye kukimbia hata lugha ikiwa nyingine.

LRA ni waasi waliotoka kaskazini mwa Uganda wakiongozwa na Joseph Kony, mtu anayetafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai tangu mwaka 2005. Walijificha katika mbuga ya Garamba, karibu na Dungu. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2008 jeshi la Uganda, pamoja na lile la Kongo na la Sudani Kusini, lilipiga kambi zao. Waasi hawakumalizwa, walitawanyika. Siku za Noeli, wakati watu wamekusanyika kusali na kula, waliangukia Faradje, Doruma na vijiji vingine, wakaua mamia ya watu kwa mapanga na marungu. Mwaka mmoja baadaye, huko Makombo, waliua tena watu zaidi ya 300 kwa siku chache. Wakaaji wa Uélé waliwapa jina la Tongo-tongo. Katika Lingala tongo ni asubuhi, na hao walikuwa watu wa kuja alfajiri, kabla mtu hajafungua mlango.

Katika nchi ya namna hiyo ndipo Sista Angélique alifanya kazi. Alifika Dungu mwaka 2003, kabla ya moto kuwaka. Moto ulipowaka hakuuona kutoka mbali, maana mwaka 2009 yeye mwenyewe alilazimika kukimbia, akawa mhamaji kama wale aliowafundisha. Inafaa jambo hili likumbukwe. Misaada mingi inaletwa na watu ambao jioni wanarudi penye ulinzi. Huyu alijua njaa ya njiani, na alijua ile aibu ya mtu mzima anayesimama mlangoni kwa mtu mwingine akiomba mahali pa kulala.

Inasemwa kwamba wito wake ulianza akiwa na miaka tisa hivi, alipomwona sista mmoja Mjerumani aliyekuja kijijini kwao kuuguza wagonjwa bila kupata pumziko. Mtoto alitaka kuwa kama yule ili apunguziwe kazi. Miaka ilipita, akawa yeye ndiye asiyepumzika. Kutoka kituo hadi vijijini alizunguka kwa kinga, kwenye barabara za udongo ambazo mvua ikinyesha hata gari zinakwama. Kinga hiyo imepigwa picha nyingi na waandishi wa Ulaya. Kwao ilikuwa kitu cha ajabu. Kwa watu wa Dungu ilikuwa na maana ya kawaida tu: mwalimu anafika. Mwanafunzi asipoonekana siku mbili, mwenye kinga anaweza kupita kwake kuuliza kuna nini, kama mtoto ana homa, kama mume amekataza, kama usiku ule ndoto mbaya zimerudi.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya mwalimu na mafunzo. Mafunzo yamejaa katika Kongo ya mashariki. Kila familia iliyowahi kukaa kambini inaijua habari hii: watu wanakuja na gari, wanaandika majina, wanachagua wanawake 20 au 30, wanawafundisha kushona kwa muda mfupi, siku ya mwisho kuna hotuba, fanta, fulana zenye alama ya shirika, na kila mmoja anapewa mashini yake. Wiki mbili hazijaisha, mashini kadhaa zimekwisha uzwa sokoni kwa nusu ya bei. Wenye mradi wanakasirika, wanasema watu hawa hawapendi maendeleo. Ni hukumu ya haraka mno. Mwanamke ambaye hajaweza bado kukata kola, ambaye mtoto wake analala hospitali, ambaye hana franka za kununua uzi wala kibanda cha kuwekea mashini mvua inaponyesha, anauza. Yeyote angeuza. Hakukosa akili, alikosa mtu wa kubaki naye baada ya gari kuondoka.

Sista Angélique alibaki. Ukitafuta siri ya wale wanawake 2 000, itafute hapo kabla ya kuitafuta kwenye fedha.

Jambo la pili ambalo wengi wanalipita upesi ni kwamba hakutenganisha ufundi na kusoma. Katika kituo chake wanawake walijifunza kushona na pia walijifunza herufi na hesabu katika Lingala, lugha wanayoisema. Mtu aliyesoma anaweza kudhani hayo ni mambo mawili. Muulize fundi yeyote wa nguo. Mita ya kupimia ni kitabu. Mwanamke asiyejua namba akipima kiuno akachanganya 92 na 29, au akasahau kipimo cha jana kwa sababu hakuweza kukiandika, ameharibu kitenge cha mtu, na kitenge kikiharibika fundi ndiye anayelipa. Hivyo hivyo kwa mikate. Kama hujui kuandika kilo ngapi za unga zimeingia, mafuta ya bei gani, na mama fulani wa jirani anadaiwa mandazi ngapi toka Jumatatu, biashara inakufa huku mikono inafanya kazi vizuri kabisa. Wanawake wengi katika vijiji vyetu ni mafundi wazuri sana lakini masikini, na sababu moja kubwa ni daftari ambalo hawakufundishwa kuandika.

Halafu kuna jambo ambalo haliandikwi kwenye ripoti kwa urahisi. Msichana aliyerudi kutoka porini, mara nyingine akiwa na mtoto mgongoni, alipokelewa kijijini kwa macho mabaya. Watu walisema ni mke wa Tongo-tongo. Walimwogopa, walimcheka, wengine waliogopa hata kukaa naye kanisani. Kumwambia msichana huyo aeleze maisha yake mbele ya mtu asiyemjua mwenye karatasi na kalamu ni kumuumiza mara ya pili. Lakini ukimketisha kati ya wanawake wengine, kila mmoja na kitambaa chake, macho yakiwa chini kwenye mshono, mdomo unafunguka wenyewe siku ambayo utataka. Na usipofunguka, angalau siku imepita na sketi imemalizika. Baadaye jirani yule yule aliyemcheka analeta kitambaa, anauliza: mama, utanishonea kwa ngapi? Siku hiyo msichana ameitwa mama na ameulizwa bei. Semina za upatanisho zina kazi yake, lakini hakuna inayoshinda swali hilo.

Watu wa Bukavu wanalijua hili pia. Huko Panzi, hospitali ya Daktari Denis Mukwege, ilionekana mapema kwamba kufunga vidonda hakutoshi kama mwanamke anarudi kwenye umaskini ule ule. Ndiyo maana kuna Maison Dorcas, ambapo wanawake wanajifunza kushona, kusuka vikapu na kazi nyingine. Huko Goma, Wasalesiani wa Don Bosco Ngangi wamefundisha vijana useremala, uashi na kuchomelea vyuma kwa miaka mingi, na zaidi ya mara moja uwanja wao umejaa familia zilizokimbia vita. Wote hao wanasema jambo moja na Sista wa Dungu, kila mmoja kwa njia yake.

Kwa nini basi kazi hii inaheshimiwa kidogo namna hii? Sababu iko majumbani kabla ya kuwa Kinshasa. Mzazi wa Kongo anasema kwa majivuno kwamba mtoto wake anasoma sheria, hata kama ni mwaka wa tano mtoto huyo anazunguka na bahasha ya kuomba kazi. Mwenye mtoto anayejifunza kushona au kutengeneza pikipiki anasema kwa sauti ya chini: huyu alishindwa masomo. Kituo cha ufundi kimefanywa kuwa mahali pa kutupia walioanguka mtihani wa Serikali, wasichana waliopata mimba na wahamaji. Anayewafundisha naye anaonekana ni mwalimu wa daraja la chini, mtu wa huruma zaidi kuliko mtu wa elimu. Ni dharau, hata ikivaa nguo ya sifa. Mama anayeweza kuchukua kitambaa cha mita tatu, kukipima kwa macho mwili ulio mbele yake, na kutoa gauni bila kutupa kipande, ana elimu. Aliyemfundisha ni mwalimu sawasawa.

Na Serikali? Kwenye karatasi, Kongo haikuanza jana. INPP, chuo cha taifa cha kuandaa watu kwa kazi, kilianzishwa mwaka 1964. Lakini vituo vyake viko zaidi katika miji mikubwa, na mwanamke wa kijiji cha Haut-Uélé hatavuka pori kwenda kukitafuta. Mwaka 2019 masomo ya shule ya msingi yalitangazwa kuwa ya bure katika shule za Serikali. Ni jambo jema, pamoja na matatizo yote ambayo walimu wanayajua. Lakini msichana aliyekamatwa akiwa na miaka 11 na kurudi akiwa na miaka 16 hawezi tena kukaa kwenye benchi la darasa la tano pamoja na wadogo zake. Kwake yeye, masomo ya bure yamepita barabara nyingine. Kituo kidogo kama kile cha Dungu ndicho shule yake, na kituo hicho kinaishi kwa sadaka, kwa wafadhili na kwa nguvu za mtu mmoja.

Nguvu za mtu mmoja ndilo jambo la kuhofia. Tuzo ya Nansen ilikuja na dola 100 000. Fedha nyingi, na bado mtu akigawanya kwa mahitaji ya teritware moja ya Dungu haziendi mbali. Fedha huisha, medali huwekwa kwenye kabati, na mwalimu naye anazeeka. Kumheshimu Angélique Namaika kwa makofi peke yake ni kumwachia mzigo ule ule kisha kumsifu kwa jinsi anavyoubeba. Yule mtoto wa miaka tisa hakupiga makofi alipomwona sista Mjerumani amechoka. Alitaka kuchukua upande mmoja wa mzigo.

Habari hii inawagusa leo hasa familia zilizo njiani. Mwaka 2024 watu waliohama makwao ndani ya Kongo walihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 7. Mwezi wa pili mwaka 2025, baada ya Goma kuanguka mikononi mwa M23, kambi zilizozunguka mji zilivunjwa, na watu waliokuwa wamekaa humo miaka miwili au mitatu waliambiwa waondoke kwa siku chache. Waliondoka na nini? Matandiko, sufuria, mtoto mgongoni. Turubai zilibaki, vibanda vya biashara vilibaki. Mwenye kujua kushona aliondoka akijua kushona. Hakuna mwenye bunduki anayeweza kumwambia aache hicho chini.

Lakini ukweli usemwe wote, maana watu wa kambini hawapendi kudanganywa. Ufundi peke yake hauli ugali. Mashini inaibiwa. Kijiji alikorudi mtu kinaweza kuwa hakina mteja hata mmoja mwenye franka. Mafundi 40 wa kushona katika kambi moja, wote waliofundishwa gauni lile lile, wanauana kwa bei mpaka hakuna anayepata hata ya chumvi. Mwalimu mzuri anaangalia mahali kabla ya kufungua somo. Katika Kongo yote watoto wa shule wanavaa bluu na nyeupe, na shule zinafunguliwa mwezi wa tisa. Mwezi wa nane, hata katika mtaa masikini, mzazi atatafuta franka ya shati na sketi. Basi anayefundisha wahamaji kushona aanze na shati jeupe la mtoto, kola yake na vifungo vyake, mpaka lishonwe vizuri kuliko lile la mtumba. Gauni la harusi litangoja. Vilevile si kila mwanamke ashone. Pengine mtaa unahitaji zaidi anayeoka mikate, au anayejua kutengeneza simu, au anayelima mboga karibu na maji. Dungu hawakufundishwa jambo moja tu, na haikuwa bahati.

Kuna mambo ambayo hayangoji Geneva wala Kinshasa. Parokia nyingi na makanisa mengi ya mashariki yana mashini mbili au tatu zilizofungiwa chumbani toka mradi fulani ulipomalizika. Ufunguo uko kwa mtu, na mtu huyo anajulikana. Katika kila kambi na kila mtaa unaopokea wahamaji kuna mama aliyekuwa fundi kwao kabla ya vita, Masisi, Djugu, Rutshuru au Fizi, ambaye leo anabeba matofali ya watu kwa sababu hakuna aliyemuuliza anajua nini. Viongozi wa mitaa wanapoandika majina ya waliofika, wanauliza umri, kijiji na idadi ya watoto. Waongeze swali moja: mikono yako inajua kazi gani? Na shirika linaloleta mafunzo, kabla ya kupewa nafasi na viongozi wa mahali, liulizwe nani atabaki kufuatilia wanafunzi mwezi wa sita baada ya sherehe ya kufunga, na analipwa na nani. Kama jibu halipo, fedha za fanta na fulana zimpatie mama huyo aliyetoka Masisi mshahara mdogo na kinga.